Mapigo Sitini na Nane ya Pétronille

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kamba ya kengele, Zélie Rouvière aliugusa ukuta. Alipanda ngazi ya mawe ya mnara hadi dari ya kwanza, akaweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya vipande vitatu vya jasi vilivyobandikwa kukingama ufa, kimoja baada ya kingine, kama mama anayepima homa ya watoto watatu waliolala kitanda kimoja. Kila kipande kilikuwa kikubwa kama kiganja hicho, na juu ya kila kimoja iliandikwa, kwa penseli ya seremala, tarehe ile ile: 3 Oktoba 1951. Msanifu majengo wa mkoa, aliyevibandika, aliviita mashahidi. Jasi haipindiki wala hainyumbuki, alimweleza. Ukuta ukisogea unene wa ukucha tu, nayo hupasuka.

"Mwenye ufunguo ni wewe, Bibi," alimwambia siku ile akikung'uta vumbi la magotini. "Shahidi mmoja akivunjika, kengele isibembezwe tena, uzito wake ukiyumba huusukuma ukuta. Mtu asikae chini ya mnara. Na mimi niitwe siku hiyo hiyo, si kesho yake."

Zélie aliomba aandikiwe. Akaandikiwa, na karatasi akaiweka nyuma ya picha ya marehemu baba yake. Kwa miaka miwili kasoro miezi michache, mashahidi walikuwa wakavu na wazima, naye akawa anashuka, anashika kamba, anapiga sala ya Malaika wa Bwana, kisha anakwenda kukamua mbuzi.

Kanisa la Saint-Ferréol la Aubeyrac ni kanisa la karne ya kumi na mbili, fupi, nene, lililokaa juu ya mgongo wa kilima cha mizabibu mithili ya kuku aliyeatamia. Mnara wake haukuwa hivyo. Mwaka 1868 watu wa Peyrelade, ng'ambo ya bonde, waliinua mnara wao ukaonekana kutoka Aubeyrac. Mwaka uliofuata watu wa Aubeyrac wakaongeza wao dari mbili za mawe juu ya mnara wa kale, hadi ukaipita Peyrelade kwa urefu wa mtu aliyenyoosha mkono. Katika daftari la halmashauri ya kijiji la mwaka huo yameandikwa majina ya waliochanga mawe, ya waliotoa ng'ombe wa kuyavuta, na shairi moja baya. Hakuna mahali panapoonyesha kuwa kuna mtu aliyeuliza juu ya msingi.

Ndani ya mnara huo ilikaa Pétronille, kengele iliyobatizwa mwaka 1681. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kengele tatu za Aubeyrac zilitakiwa zishushwe ziyeyushwe kuwa mizinga. Mbili zilikwenda, na ya tatu ikazikwa usiku na ukoo wa Courtade chini ya mizabibu yao, ikakaa mchangani miaka tisa. Tangu hapo akina Courtade humzungumzia Pétronille kama mtu amzungumziavyo ng'ombe wake aliyemwazimisha jirani. Na tangu hapo pia, watu wa Aubeyrac waliamini kuwa kengele iliyolala udongoni na mizizi ya mizabibu haiwezi kukubali mizabibu hiyo ipigwe. Wingu la mvua ya mawe likionekana juu ya mlima, Pétronille alibembezwa kwa nguvu zote, na wingu, walisema, liligeukia Peyrelade.

Isipokuwa mwaka 1911. Agosti ya mwaka huo mpiga kengele Barnabé Rouvière alikuwa amekwenda kwenye harusi ya shemeji yake, akakawia mezani. Mvua ya mawe ilishuka kwa muda wa dakika kumi na mbili. Haikubaki zabibu ya kutia mdomoni. Barnabé aliishi miaka kumi zaidi, na katika miaka hiyo hakuna aliyemtukana. Walifanya jambo baya kuliko hilo. Waliipa mvua ya mawe jina lake. Hadi leo mzee wa Aubeyrac akitazama anga la manjano husema, "Barnabé anapanda." Zélie, binti yake, alikuwa na miaka kumi na tisa. Kijana aliyekuwa akimposa, ambaye baba yake alipoteza mizabibu yote, aliacha kupita njia ya nyumbani kwao. Baba alipokata roho, binti alishika kamba, na kwa miaka thelathini na miwili hakulala hata siku moja nje ya kijiji.

Kazi yake nyingine ilikuwa kengele ya msiba. Hii haikubembezwa: Zélie alipanda ngazi themanini na nne hadi juu kabisa, akampiga Pétronille kwa nyundo ya mti, pigo moja moja. Mapigo tisa kwa mwanamume, saba kwa mwanamke, kisha pigo moja kwa kila mwaka wa umri wa marehemu. Ndivyo kijiji kilivyojua nani amekufa kabla hajatajwa. Na kulikuwa na mwiko ambao hakuna padre aliyewahi kuuandika wala kuuvunja: mapigo ya msiba hayahesabiwi chini ya paa. Anayeyahesabu akiwa ndani, yeye ndiye atakayehesabiwa mwakani. Juni ya mwaka 1953 alipokufa Cyprien mhunzi, mapigo tisa na sabini na saba, watu walitoka wote: mwenye unga mikononi, mwenye povu la sabuni kidevuni, na Mama Eudoxie Malaval, mwenye miaka themanini na mitatu na miguu isiyofanya kazi, akabebwa pamoja na kiti chake hadi penye msalaba wa makaburini, akilalamika njia nzima.

"Polepole, nyinyi! Mkiniangusha atapiga mara ya pili, na mimi sina nguo safi."

Ilikuwa asubuhi ya Julai 21 ambapo kiganja cha Zélie kilikutana na makali. Shahidi wa kati alikuwa amepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, mstari mwembamba kama unywele. Alisimama palepale muda wa kusali Salamu Maria moja. Hakushuka kushika kamba. Alipanda juu, akapiga Malaika wa Bwana kwa nyundo, mapigo matatu matatu, kisha akaenda kumtafuta meya.

Anselme Courtade alikuwa uani, nyuma ya pishi lake la mvinyo, akikoroga dawa ya shaba ya kunyunyizia mizabibu. Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni, kama ya mtu aliyechinja anga.

"Bwana Meya, shahidi wa kati amevunjika."

"Kavunjwa na nani?"

"Na ukuta."

Anselme alicheka, akaendelea kukoroga. Walisoma chumba kimoja cha darasa wakiwa wadogo, yeye akiwa nyuma yake kwa miaka minne, na hakuwahi kumwita Bibi. "Zélie wee, ingia kwanza ndani uonje mvinyo wa mwaka jana."

"Sikuja kuonja. Imeandikwa aitwe leo."

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria? Wiki tatu na ushei. Na mavuno? Wiki nane. Wiki nane zabibu zangu zinaning'inia nje kama nguo za kufua, na zako zile safu tatu vilevile, na wewe unataka kengele inyamaze."

"Sitaki mimi. Karatasi ndiyo inasema."

"Karatasi haijawahi kupigwa na mvua ya mawe." Aliinua mti wa kukorogea, tone la buluu likaanguka kati yao. "Haya. Nitapiga simu. Nenda kakamue mbuzi wako."

Simu ya kijiji ilikuwa moja, ofisini kwa meya. Zélie alikwenda kukamua.

Siku ya tatu alikuta shahidi wa kati mzima.

Alimtazama kwanza kwa macho, na macho yalimwambia kuwa ni muujiza. Tarehe ilikuwa ile ile, penseli ile ile. Kisha akaweka kiganja. Shahidi wa chini alikuwa mkavu kama mfupa wa zamani. Wa juu vilevile. Wa kati alikuwa wa baridi, ana jasho, kama paji la uso la mgonjwa aliyekata tamaa. Aliinamisha taa. Ukingoni mwa jasi mbichi, wazi kabisa kama muhuri wa ofisi, palikuwa na alama ya kidole gumba, ya buluu.

Wahenga waliagiza ufa uzibwe, hawakuagiza ufichwe. Zélie alimkuta Anselme mbele ya ofisi ya kijiji akibandika tangazo la sikukuu.

"Umembandika shahidi wa uongo," alimwambia, bila sauti kubwa.

"Msanifu alipita. Alitengeneza mwenyewe."

"Ana mikono ya buluu, msanifu wa mkoa?"

Anselme alisawazisha pembe ya tangazo kwa kidole gumba kile kile, akatazama huku na huku. "Sikiliza. Mnara ule umesimama miaka mia nane."

"Nusu ya chini. Nusu ya juu ina miaka themanini na minne, na ndiyo nzito."

"Baada ya mavuno nitamwita. Naapa kwa kaburi la mama. Akija sasa atafunga kanisa, sikukuu tutaifanyia wapi, zizini? Watu wa Peyrelade watacheka mpaka Krismasi. Na Barnabé akipanda, tutamfukuza kwa nini, kwa kofia?"

"Mimi kengele siibembezi."

Ndipo alipomtazama sawasawa. "Basi nenda kawaambie watu. Panda pale kwenye kisima, waambie: mimi, binti Barnabé, mwaka huu sipigi kengele. Nenda. Nitakushikia mkoba."

Hakwenda kwenye kisima. Kwa hili waliomjua walimlaumu baadaye, na yeye mwenyewe hakujitetea. Alimngoja Padre Lacombe, aliyehudumia parokia tano kwa pikipiki na kufika Aubeyrac kila Jumapili ya pili akiwa na vumbi kwenye nyusi. Padre alimsikiliza akiwa anavua miwani ya safari.

"Lakini meya kaniambia msanifu alipita, Bi Zélie."

"Panda nami, Padre. Weka mkono tu."

"Mkono wangu unajua hostia, haujui jasi." Alikuwa amechoka, na Misa mbili zilikuwa zikimngoja. "Baada ya sikukuu nitapanda. Nakuahidi."

Usiku huo aliandika barua kwa msanifu, kwa mwandiko wa shule, mistari kumi na minne, akaitia posta kesho yake katika mji wa soko ili isipite mikononi mwa meya. Hakujua kwamba karibu mwezi wote wa Agosti ofisi ile hufungwa, na wenye ofisi huwa baharini. Barua ipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Muhuri wa kupokelewa unasema Agosti 31.

Kwa hiyo alingoja jibu. Mara tatu kwa siku alipanda ngazi themanini na nne na magoti yake ya miaka sitini na mmoja, akapiga kwa nyundo.

"Pétronille ana mafua?" Mama Eudoxie alimuuliza kutoka dirishani. "Sauti yake imeingia ndani. Kama mtu anayekohoa ndani ya pipa."

"Anapumzika, Mama Eudoxie."

"Anayepumzika Agosti atafanya kazi Septemba bila zabibu." Kisha, kwa sauti nyingine: "Watu wanasema, Zélie. Mimi nakwambia tu. Wanasema damu ya Barnabé haikawii kuamka."

Usiku aliota kamba. Mchana alisimama kwenye dari ya kwanza akisikiliza ukuta. Ukuta wenye afya hausemi neno. Ule ulikuwa ukitoa, jioni mawe yalipopoa, sauti ndogo kama ya panya atafunaye mbegu, na asubuhi chini ya ufa palikuwa na mchanga kidogo, mweupe, kiasi cha chumvi ya yai moja. Aliufagia. Kesho yake ulikuwa wa mayai mawili.

Waliokuwapo Agosti 15 hawakubaliani juu ya rangi ya wingu. Wengine husema lilikuwa la shaba, wengine la kijani cha jeraha. Wote wanakubaliana kuwa ndege walinyamaza saa saba mchana, na kwamba kanisa lilijaa mapema kuliko kawaida, watu mia na ishirini hivi, kwa kuwa kila mtu alitaka awe karibu na kengele. Zélie aliingia kabla yao wote. Alipowasikia wakianza kuja, alichukua kisu cha kupogolea mizabibu, akapanda hadi chumba cha kengele, akaikata kamba karibu na gurudumu. Ilishuka ikipita katika matundu ya dari tatu, ikalala sakafuni chini ya mnara, viringo juu ya viringo. Ilikuwa kamba ya baba yake. Sehemu ya kushikia ilikuwa imelainika kama ngozi ya sikio.

Padre Lacombe alikuwa katikati ya sala pale radi ya kwanza ilipojibu. Anselme Courtade, aliyekaa kiti cha mbele na utepe wake wa umeya, aliinuka bila kungoja amina, akaenda mpaka chini ya mnara. Kila kichwa kiligeuka kumfuata. Aliona kamba.

"Nani?" alisema. Kisha akamwona Zélie amesimama penye mlango mdogo wa ngazi. "Wewe?"

"Mimi."

"Umeikata!"

"Ukuta unaondoka, Bwana Meya. Waambie watu watoke. Unajua ulichokifanya kule juu."

Mvua ya mawe ilipiga paa la kanisa kwa mshindo mmoja, kama mikokoteni ya kokoto iliyomwagwa pamoja. Watoto walilia. Wanaume walikimbilia mlango mkuu wakasimama hapo, wakitazama kilima chao kikigeuka cheupe, majani ya mizabibu yakiruka kama kuku wa kuchinjwa. Ilidumu dakika saba. Ilipolegea ikawa mvua ya kawaida, sauti ya mwanamke ikasema kutoka kwenye viti vya nyuma, bila ghadhabu, kama mtu anayesoma jina kwenye jiwe:

"Binti Barnabé."

"Tokeni nje," Zélie alisema. "Nawasihi. Mnara una ufa, shahidi alivunjika mwezi uliopita, haya yaliyobandikwa ni—"

"Utuue njaa kisha ututoe kwenye mvua?" alifoka mmoja. Mwingine: "Muondoeni hapo!" Padre aliinua mikono, akasema kitu kuhusu amani, hakusikilizwa.

Anselme alikuwa akitazama mlimani. Nyuma ya wingu la kwanza lilikuwa linakuja la pili, lenye tumbo zito zaidi. "Nusu ya kilima bado imesimama," alisema kwa sauti ya kazi. "Wanaume wanne. Tunapanda, tunalisukuma gurudumu kwa mikono. Wengine mkae ndani, msali."

"Anselme." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu shule. "Kidole chako kiko juu ya jasi ile."

Uso wake ulitikisika kidogo. Akageuka kuvua koti la sikukuu.

Katika muda ule wa kuvua koti, Zélie aliusikia ukuta. Haikuwa sauti ya panya tena. Ilikuwa kama tawi kavu likivunjwa juu ya goti. Aliingia mlango mdogo, akapanda hadi dari ya kwanza. Shahidi wa kati, yule wa uongo, alikuwa ameanguka mzima mzima, hakushikamana na chochote. Wa chini alikuwa na nyufa mbili. Wa juu alikuwa amepasuka, na ndani ya pengo lake mtu angeweza kutia ncha ya kidole. Chini alisikia viatu vya wanaume vikikusanyika.

Angeweza kushuka, akapiga kelele tena. Alijua thamani ya sauti yake katika kanisa lile siku ile. Kulikuwa na sauti moja tu waliyoitii bila kuuliza inatoka kwa nani.

Alipanda. Alipofika chumba cha kengele alifunga mlango wa sakafuni kwa komeo, akachukua nyundo ya mti. Kupitia dirisha la mnara aliona wingu la pili likiwa limeshika nusu ya bonde. Akampiga Pétronille pigo moja, akangoja, akapiga la pili.

Chini, viatu vilisimama. Wanaume wanne walikuwa ngazini. Wa mbele alivua kofia kabla hajafikiri.

"Msiba," mtu alisema.

"Msiba gani, sote tumo humu!"

"Mzee Gaspard alibaki kitandani. Na mke wa yule mwenye kinu."

"Tokeni, tokeni, amefika matatu, tuko chini ya paa!"

Walitoka wakisukumana, kama maji yanavyotoka kwenye pipa lililotobolewa. Akina mama walibeba watoto, wanaume wanne walirudi chini kinyumenyume. Mama Eudoxie alipiga ukelele, "Na mimi je, mnataka nihesabiwe mimi?" akachukuliwa pamoja na kiti chake. Padre Lacombe alitoka wa mwisho, kitabu mkononi, bila kujua yeye pia anakimbia nini. Walikusanyika penye msalaba wa makaburini, hatua hamsini kutoka mlangoni, vichwa wazi kwenye mvua, wakihesabu kwa midomo.

Mapigo saba. Kituo. Mwanamke.

Kisha miaka. Ishirini ilipita, watu wakashusha pumzi: si msichana. Arobaini. Mke wa mwenye kinu alikuwa na arobaini na nane, ikapita. Mara kwa mara, baada ya pigo, kipande cha chokaa kilidondoka kutoka upande wa kaskazini, kikavunjika juu ya majani. Wachache walikiona. Wengi walikuwa wanahesabu. Hamsini na tano. Sitini. Sitini na moja.

Kimya.

"Sitini na moja," Anselme alisema, maji yakimtiririka usoni. "Nani ana miaka sitini na mmoja?"

Mama Eudoxie alikuwa ameshika mikono ya kiti chake. "Anayepiga," alisema.

Zélie alitoka mlango mkuu baada ya muda ambao wengine husema ni dakika mbili na wengine kumi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa. Aligeuka, akatia ufunguo, akauzungusha mara mbili, akaja hadi penye msalaba akiwa ameushika kifuani kwa mikono miwili.

"Fungua," Anselme alisema. "Lile la pili linafika. Fungua, tupande."

"Sifungui."

"Miavuli yetu imo ndani," alisema mwanamke mmoja, karibu kulia. "Na koti la mtoto."

"Sifungui."

Anselme aliunyooshea mkono ufunguo. Wanasema aliugusa; wanasema vidole vyake, ambavyo dawa ya shaba haikuwa imewahi kutoka kwenye kucha, vilikuwa juu ya vidole vya Zélie pale pembe ya kaskazini ilipoinama. Ilikaa hivyo, imeinama, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha dari mbili za mwaka 1869 zilishuka ndani ya kanisa la karne ya kumi na mbili, paa, viti na vyote, na Pétronille akasikika mara moja, pigo moja lililokatika katikati.

Wingu la pili lilimwaga yaliyokuwemo tumboni mwake. Likachukua nusu ya kilima iliyobaki.

Hakuna aliyekufa. Jambo hili lingetosha, mahali pengine, kumfanya mtu abebwe mabegani. Aubeyrac hawakumbeba. Mwanamke aliyepigiwa mapigo yake yote, kwa hesabu kamili, mbele ya kijiji kizima, kwao alikuwa amekwisha kuhesabiwa. Na marehemu haamkiwi njiani. Walimpisha. Walimwachia mayai na kuni mlangoni, kama watu wawekavyo maua juu ya kaburi, wakaondoka kabla hajafungua. Mama Eudoxie pekee ndiye aliyeendelea kumsemesha kutoka dirishani, akisema kwamba kwa umri wake yeye ni lazima azoee lugha ya huko.

Taarifa ya meya kwa mkoa, iliyotiwa saini Septemba 2, inasema mashahidi wote watatu walikuwa wazima hadi mkesha wa sikukuu. Imewekwa katika faili moja na barua ya mistari kumi na minne. Hakuna aliyewahi kuzilinganisha wakati wenyewe wakiwa hai. Anselme Courtade hakugombea tena. Kanisa lilifunikwa paa jipya mwaka 1961, bila mnara, na kengele ndogo isiyo na jina ikatundikwa juu ya ukuta. Mlango ulikuwa ule ule, na ufunguo ulibaki kwa Zélie. Kila asubuhi aliugusa ukuta wa zamani kwa kiganja.

Alikufa Machi 1972, akiwa na miaka themanini. Mpiga kengele mpya alipanda ngazi ya ukutani na nyundo yake, akasimama juu, akashuka. Alimuuliza padre, padre akamuuliza meya wa wakati ule, na meya akajibu kuwa mtu hapigiwi mara mbili. Hata hivyo saa ya mapigo ilipofika, wote walitoka nje, bila kuitwa, hadi penye msalaba. Anselme aliletwa akiwa ameshikwa mikono yote miwili, kofia yake chini ya kwapa. Walisimama vichwa wazi muda mrefu kwenye upepo, wakingoja, na hapakuwa na kitu cha kuhesabu.